Hitima ya Mjomba Boga

Wakati huo Kwale nzima haikuwa na wakili hata mmoja. Leo ukishuka Ukunda utaona vibao vyao mpaka juu ya vibanda vya vinyozi, lakini miaka ile ya hamsini, bendera nyekundu ya Sultani ikiwa bado inapepea Mombasa na sisi wa Kinondo tukidhani dunia itakaa vilevile, mtu aliyegombewa shamba alikuwa na njia mbili tu. Aende kwa wazee, au avuke Likoni. Matano wa Mwanarusi alikwenda kwa wazee kwanza, nao wakampa haki yake mbele ya watu. Mpinzani wake akasikiliza kwa adabu, akaaga vizuri, akavuka Likoni.

Mpinzani mwenyewe hakuwa mtu wa mbali. Ni Suleiman, mwana wa Mzee Boga. Na Mzee Boga, Mungu amrehemu, alikuwa mjomba wake Matano, ndugu wa tumbo moja wa mama yake, Mwanarusi. Kwa ada ya Wadigo ya wakati huo, mtu akifa mali yake haikushuka kwa wanawe. Ilikwenda kwa mpwa, mtoto wa dada yake, kwa kuwa huyo ndiye wa ukoo wake. Wanawe walikuwa wa ukoo wa mama yao, nao walikuwa na mjomba wao wa kumrithi. Ndiyo maana Matano aliletwa kwa mjomba angali mdogo, akajifunzia kukwea kwenye minazi ile ile, akaoa pale, akazaa pale. Suleiman alilelewa Msambweni kwa kina mama yake, akasoma, akapata kazi ya ukarani bandarini. Baba yake alipokufa aliuliza kwa wanaojua, akaambiwa kwamba marehemu alikuwa Mwislamu, na kwa sheria ya dini mwana ndiye mrithi, mpwa hana chake. Tena alikuwa amekwisha kumpata Mzungu wa kununua shamba lote mpaka mchangani, ajenge nyumba ya kupumzikia.

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo. Matano asipopata wakili, na wakili huyo asiposhinda, yeye na mama yake na mkewe na wanawe wangetoka kwenye shamba ambalo hawakuwahi kufikiri kwamba mtu hutoka.

Asubuhi ya safari, Chiku, mkewe Matano, alikaa kwenye kizingiti akipaka mafuta ya nazi viatu vya kuazima. Vilikuwa vya jirani yao Iddi, na Iddi alikuwa mtu wa mguu mdogo.

"Hivi vitakuua kabla hujafika feri," alisema.

"Siwezi kwenda kwa wakili na makubadhi."

"Kwani wakili huangalia miguu?"

"Huangalia yote. Ndiyo kazi yake."

"Wewe ushamwona wakili gani, hata ukajua kazi yake?" Chiku alicheka peke yake, akakitemea mate kiatu kingine akaendelea kusugua. Kisha akasema polepole, "Baba Mwanaima, nikuulize neno, usinikasirikie."

"Uliza."

"Huyo wakili akishinda, ada ikasimama, nawe siku yako ikafika, Mungu akuweke. Shamba hili litakuwa la nani?"

Matano alijua anakopelekwa. "La mtoto wa dada yangu."

"Dada yako yuko Mkongani. Mwanawe hajui hata mnazi hukwewa kwa upande gani. Na hawa wangu, waliozaliwa chini ya minazi hii?"

"Hao wana wajomba zao. Ndugu zako."

"Ndugu zangu wana kuku."

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Mwanarusi akikohoa, na huko kukohoa kwake kulikuwa kicheko. Alitoka akiwa amejifunga leso mpya, mkononi ana mtetea amefungwa miguu kwa ukindu. Mtu wa heshima haendi kwa mtu mikono mitupu, na wakili ni mtu kama watu. Hilo ndilo alilofundishwa, na hakuna aliyemwambia kwamba kule Mombasa jambo hilo limepitwa na wakati.

*

Mwenye duka wa Msambweni, yule aliyenunua mbata, zile nazi kavu za Matano, tangu enzi za mjomba, ndiye aliyewaelekeza. Aliwatajia ofisi tatu. "Anzeni ya kwanza," alisema, "mkishindwa nendeni ya pili. Ya tatu ni mtu mzuri lakini ofisi yake ni ndogo."

Ofisi ya kwanza ilikuwa na karani mwenye tai. Alimtazama Matano, akamtazama Mwanarusi, kisha akamtazama kuku.

"Huyu abaki nje."

"Ni zawadi ya Bwana," alisema Mwanarusi.

"Bwana hapokei kuku, bibi. Kesi yenu ni ya nini?"

"Ya shamba," alisema Matano. "La minazi."

"Lina hati?"

"Lina minazi. Mjomba wangu alipanda, na mjomba wake alipanda kabla yake. Kila mtu anajua."

Karani alitabasamu. Akawaambia Bwana hachukui kesi za minazi, na kama wangependelea wainuke kwenye benchi kwa kuwa kuna wateja wanakuja. Wateja wenyewe hawakuonekana. Matano na mama yake walisimama ukumbini muda kidogo, kwa aibu ya kuondoka haraka, kisha wakashuka ngazi. Kiatu cha kulia kilikuwa kimeshamchubua.

Ya pili waliwapokea vizuri mno. Waliletewa maji ya kunywa, karani akauliza habari za nyumbani, habari za mvua, akaanza kuandika majina. Alipofika kwenye jina la marehemu akaiweka kalamu chini.

"Boga wa Kinondo? Mwanawe si Suleiman wa bandarini?"

"Ndiye."

"Samahani sana, mzee wangu. Suleiman ni mtu wetu. Hatuwezi kuwa nanyi na kuwa naye." Akainuka akawasindikiza mpaka mlangoni, na Mwanarusi akamshukuru kwa maji. Matano hakushukuru. Alijiona kama mtu aliyekwenda kuposa nyumba ambayo mchumba wake keshaolewa, na watu wa nyumba wanamwonea huruma.

"Mimi nitavivua hivi viatu," alisema walipofika barabarani.

"Vivue. Nani anakujua huku?"

Akavivua. Ndivyo alivyoingia ofisi ya tatu, viatu mkononi, mama yake nyuma na kuku wake.

Karani wa pale alikuwa Karisa, Mgiriama mmoja mnene mwenye sauti ya taratibu. Aliposikia lafudhi yao alicheka kwa furaha, akampokea Mwanarusi yule kuku, akamfunga kwenye mguu wa meza yake.

"Mama, zawadi nimeipokea kwa niaba," alisema. "Lakini Bwana wangu hali nyama. Hata yai haligusi. Dini yake."

"Basi maskini hula nini?"

"Dengu, mama."

Mwanarusi alimsikitikia wakili kabla hajamwona.

*

Wakili mwenyewe alikuwa Mhindi aliyezaliwa Mombasa, mwembamba, anasema Kimvita safi kuliko wengi wetu. Alimkalisha mama mtu kwenye kiti chenye mto, akamkalisha Matano, akawageuzia panka. Kwa mara ya kwanza siku ile Matano alisikia kwamba anazungumza na mtu. Kuhusu ujira alisema wangoje kwanza, mbata ya msimu itatosha kuanzia, tena kama kesi ipo.

"Niambieni," alisema. "Polepole. Nani alimuuguza marehemu?"

"Mimi," alisema Mwanarusi.

"Nani alimzika?"

"Mimi," alisema Matano. "Mpwa ndiye anayezika. Ndiyo ada."

"Vizuri." Wakili aliandika. "Tena vizuri sana. Suleiman hakutoa kitu?"

"Alikuja na sukari." Matano alisogeza kiti mbele. Hapa ndipo alipopapenda, na alikuwa amepangoja tangu Kinondo. "Bwana Wakili, mimi ndiye niliyesimamia kila kitu. Sanda, kaburi, matanga. Na arubaini nikafanya hitima ambayo pale kwetu hawajapata kuiona. Nilichinja ng'ombe. Nilileta walimu kutoka Msambweni, na wengine kutoka Gasi, na chuo kizima cha watoto, Kurani ikasomwa yote, ikakhitimishwa, maulidi yakafuata mpaka alasiri. Suleiman alikaa kwenye mkeka kama mgeni. Watu wote waliona nani mrithi."

Wakili aliacha kuandika. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Watu wangapi waliona?"

"Kinondo yote. Galu yote."

"Na hao walimu waweza kuja kushuhudia?"

"Hata kesho."

"Ndivyo ninavyoogopa," alisema wakili.

Akamweleza. Hakimu wa Kwale hatauliza nani mpwa na nani mwana, kwa kuwa hilo halina ubishi. Atauliza neno moja: Mzee Boga aliishi kwa ada ya Kidigo au aliishi Kiislamu? Akiwa mtu wa ada, shamba ni la Matano. Akiwa Mwislamu, ni la Suleiman. "Na wewe, ndugu yangu, umekusanya watu wa vijiji viwili, ukawalisha ng'ombe mzima, ili washuhudie kwamba alikuwa Mwislamu."

Mtu wa bara asingefanya kosa lile, wala Mwarabu wa Mombasa asingelifanya. Ni sisi tu, ambao tulishika ada kwa mkono mmoja na Kurani kwa mkono wa pili na hatukuwahi kuona kwamba mikono hiyo inavutana. Mpwa humzika mjomba, hiyo ni ada. Mwislamu husomewa hitima, hiyo ni dini. Matano alifanya yote mawili kwa moyo mmoja, na kila alivyozidi kuonyesha kwamba yeye ndiye mrithi ndivyo alivyozidi kujirithisha hewa.

"Hakuna njia?" aliuliza.

"Iko moja." Wakili alimgeukia Mwanarusi. "Mama, marehemu alikunywa tembo?"

"Alikunywa."

"Alikwenda Kaya, kule msituni kutambika?"

"Alikwenda, na wazee wenzake. Mvua ikichelewa."

"Msikitini alikwenda kila siku?"

"Ijumaa. Na si kila Ijumaa."

"Basi. Wewe ndiye dada yake, uliishi naye, neno lako ni zito kuliko la walimu waliokuja kula pilau. Utasimama useme hayo hayo. Halafu useme kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ada, na hitima ilisomwa kwa ajili ya majirani. Sikwambii useme uwongo."

Mwanarusi alitazama mikono yake. Nje Karisa alisikika akimsemesha kuku.

"Hapana uwongo," alisema mwishowe.

Walipotoka, Karisa akamrudishia mtetea wake na kumtakia safari njema. Kuku yule alivuka Likoni kwenda na kurudi, na akataga siku iliyofuata kama kwamba hakuna lililotokea.

*

Msimu ule wa kuangua nazi haukuwa na furaha, nami nasema hivyo nikikumbuka misimu mingine ilivyokuwa. Zamani za Mzee Boga siku ya kuangua ilikuwa karibu na sikukuu. Angeanza kuita kutoka juu ya mnazi wa kwanza, anatusimanga sisi tuliolala, anamtaja kila mtu kwa jina la nyanya yake. Chini wanawake wanakusanya, wanaume wanafua nazi kwenye vifuo, makumbi yanafuka moshi ule mtamu ambao nikiusikia leo mahali popote najikuta nimesimama. Jioni kila aliyesaidia alirudi kwake na nazi zake, na yule asiyesaidia naye alipewa, kwa kuwa Boga hakuweza kumwona mtu akipita mikono mitupu.

Na tembo alikunywa, kweli. Lakini Shaabani ikiisha alikisuuza kibuyu chake, akakitundika kwenye kigingi nje ya mlango, mahali kila mtu atakapokiona, akakiacha pale mwezi mzima. Watoto walikuwa wakijua Ramadhani imeingia kwa kuona kibuyu cha Boga kimetundikwa, kabla hawajauona mwezi.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyafikiri Mwanarusi akikuna nazi, siku Matano alipokuja kukaa mbele yake.

"Mama, tujikumbushe kidogo. Alikunywa tembo au hakunywa?"

"Alikunywa, mwanangu."

"Alikwenda Kaya au hakwenda?"

"Alikwenda."

"Basi mbona unatazama pembeni kila nikikuuliza?"

Mwanarusi aliendelea kukuna. "Nikisema hakuwa Mwislamu, hitima ile tulimsomea nani?"

"Imekwisha kusomwa. Ndugu yako yuko kwa Mungu, na Mungu hahitaji hakimu wa Kwale amwambie nani ni nani."

"Kwani mimi nimesema anahitaji?"

"Mama." Sauti yake Matano ilishuka. "Hakuna mnazi hapa ambao sijaukwea. Mingine niliichimbia mashimo naye, nikiwa mdogo kuliko shimo. Sijui kazi nyingine. Nikitoka hapa mimi ni kibarua wa kukata miwa Ramisi, na umri huu. Sikuombi ila useme ulichokiona."

"Nitasema nilichokiona," alisema Mwanarusi.

Matano aliondoka ametulia. Chiku, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, hakutulia, kwa kuwa aliwajua wote wawili, na alijua mama mkwe wake hutimiza neno kama alivyolisema.

*

Kwale iko kilimani na kuna upepo, lakini chumba cha hakimu siku ile kilijaa watu hata upepo ukakosa njia. Walikuja wa Kinondo, wa Galu, wa Msambweni. Hakimu alikuwa Mzungu mwekundu wa shingo, na kando yake mkalimani. Suleiman alikaa mbele, suruali nyeupe, wakili wake wa ofisi ya maji ya kunywa pembeni. Alimwamkia Mwanarusi: "Shikamoo, shangazi." Naye akamwitikia marahaba kama siku zote, maana alikuwa shangazi yake kweli, hakuna kesi inayoondoa hilo.

Walimu walisema ya kwao. Hitima ilisomwa, ng'ombe aliliwa. Kisha akaitwa Mwanarusi, akapewa Msahafu aape.

Hakuupokea. "Naomba maji nitawadhe," alisema.

Mkalimani akatafsiri, hakimu akatazama saa, lakini akakubali. Korti nzima ikangoja bibi kizee anatawadha kwenye ndoo ya askari uani. Wakili wa Matano akainamisha kichwa juu ya karatasi zake. Nadhani pale ndipo alipokwisha kujua.

Alirudi, akaapa, akasimama wima. Wakili akamuuliza taratibu, kwa heshima, kama walivyozungumza. Tembo? Alikunywa. Kaya? Alikwenda. Msikitini? Ijumaa, na si zote. Watu wa Kinondo waliguna, wengine walicheka kidogo kwa kumkumbuka. Matano alikaa mbele kabisa ya kiti.

"Basi, mama, kwa jinsi ulivyomjua, ndugu yako aliishi na kufa mtu wa ada. Hitima ilikuwa ya majirani. Ndivyo?"

Mwanarusi aliuweka tena mkono juu ya Msahafu.

"Bwana Wakili," alisema, "yote niliyokuambia ni kweli. Hili sikukuambia kwa kuwa hukuniuliza. Umeniuliza alivyoishi. Sasa umeniuliza alivyokufa."

"Asubuhi ile alikuwa na kiu, nikampa maji kwa kijiko, hakuweza kumeza. Akaniambia, Mwanarusi, nielekeze kibla. Kitanda chake ni cha mvule, kilikuwa cha baba yetu, watu wawili hukihemea. Matano alikuwa juu ya mnazi, Chiku kisimani. Nikakigeuza peke yangu naye yumo. Mguu wa kitanda ulinikanyaga kidole hiki, ukucha mpaka leo haujarudi. Akaelekea. Akatoa shahada, nami nikaisikia, hakuna mwingine aliyeisikia." Alimtazama mwanawe. "Kitanda nilikigeuza mimi. Nikisema hapa hakuwa Mwislamu, ni kama ninakirudisha kilipokuwa, naye bado yumo. Siwezi, mwanangu."

Mkalimani alichukua muda kuyapeleka yale kwa hakimu. Alipomaliza, alijipangusa uso kwa leso yake.

Hukumu haikukawia. Shamba, nyumba na vilivyomo vikawa vya Suleiman.

*

Nje kwenye ngazi wakili alimwendea Mwanarusi, akainamisha kichwa. "Mama, nimefanya kazi hii miaka mingi. Shahidi kama wewe sijapata kumpata, na naomba Mungu nisimpate tena." Alisema kwa upole, akakataa ile mbata ya kuanzia. Matano alikuwa ameshaondoka, anashuka kilima kwa miguu, peke yake.

Kisha akaja Suleiman. Aliyeshinda alikuwa yeye, lakini uso haukuwa wa mshindi.

"Shangazi, sikujua hayo. Nilikuwa kazini." "Aliniulizia?"

Mwanarusi angeweza kumpa ndiyo, na isingemgharimu kitu. Lakini mkono wake ulikuwa bado haujakauka maji ya udhu.

"Siku nyingi kabla alikuulizia," alisema. "Siku ile hakuwa na nafasi."

Suleiman alisimama anatazama chini. "Wewe baki, shangazi. Nitazungumza na Mzungu, nyumba ile ya nyuma aiache. Hakuna atakayekutoa."

"Na mwanangu?"

Suleiman aliutazama mteremko Matano alikoshukia.

"Mwanangu akitoka, mimi nitabaki nimpikie nani? Mzungu? Usijisumbue. Nipe kitanda tu. Vya humo ndani vyote ni vyako, wamesema. Nakuomba kitanda."

"Kichukue, shangazi," alisema Suleiman.

*

Ukoo ndio uliowapa mahali pa kwenda. Wazee wa Mkongani, alikoolewa dada yake Matano, walimkatia kipande cha ardhi cha mahindi na muhogo, kwa ada, bila karatasi wala hakimu. Walihama kwa lori la mwenye duka wa Msambweni. Mbele ya lori alikaa Mwanarusi, nyuma juu ya vyombo wakakaa wengine, na kitanda cha mvule kikiwa chini ya kila kitu. Lilipopita mwisho wa minazi Matano hakugeuka. Chiku aligeuka kwa niaba ya wote, akalia wazi wazi, hakujificha.

Tangu Kwale Matano hakuwa amesema na mama yake. Hakumtukana, hakumnunia mbele za watu. Mtu wa adabu alikuwa. Alipitisha tu maneno kwa mkewe. "Chiku, mwulize mama kama amekula," angesema, na mama yupo pale pale, bakuli mkononi. Naye Mwanarusi angejibu, "Chiku, mwambie nimekula, alhamdulillahi." Chiku alivumilia hali hiyo mpaka siku moja akawaambia wote wawili kwamba yeye si mkalimani wa korti, na tangu hapo hata huo ujumbe mdogo ukakatika.

Mkongani kuna vilima, na bahari haionekani. Wanaume wa kule walisaidia kushusha vyombo, wakakiingiza kitanda chumbani, wakakiacha kama kilivyoingia, katikati, wakaenda zao kula. Nyumba ilinuka udongo mbichi. Mwanarusi alikaa nje juu ya kinu kilichopinduliwa, anapumzika.

Matano akasimama mlangoni mwa chumba. Kinondo mtu hakuwa na haja ya kuuliza. Bahari ikiwa mkono wako wa kulia, umeelekea kibla. Hata watoto walilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Hapa alitazama ukuta huu, akatazama ule, akatoka nje akakitazama kilima, na kilima hakikumwambia kitu.

"Mama," alisema.

Chiku, aliyekuwa akiwasha moto, akaacha kupuliza.

"Mama, kibla ni wapi huku?"

Mwanarusi alitazama jua lilipo, akafikiri, akanyoosha mkono. "Kule. Kwenye ule mwembe mkavu."

Matano akaingia. Chiku alisimama ili amsaidie, akamwambia asubiri. Wakasikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu, ikasimama, ikakwaruza tena. Wakamsikia akiguna. Kilikuwa kitupu, hakina hata godoro, na Matano alikuwa mtu aliyekwea minazi maisha yake yote, lakini alikawia. Alipotokea tena mlangoni alikuwa ametota jasho, mkono mmoja ameshika kiuno. Akaja akachutama mbele ya mama yake, akautazama mguu wake, kile kidole kisicho na ukucha.

"Mama," alisema, "ulikigeuzaje peke yako?"

"Wewe ulikuwa juu ya mnazi," alisema Mwanarusi.